Shaka ya kipimo kwenye vipimo vya figo: shajara ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 11

Mradi: kukokotoa shaka ya kipimo (upana ambao thamani ya kweli inaweza kuwa ndani yake) ya kreatinini na urea, taka za damu zinazochujwa na figo, kwenye maabara ya hospitali ya mkoa inayojiandaa kuomba ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba. Mashine ya kemia inayohesabiwa humu ni moja. Kreatinini inapimwa kwa njia ya Jaffe (rangi ya pikrati ya alkali) iliyofidiwa, urea kwa vimeng'enya vya urease na GLDH. Namba zilizomo humu ni za mashine hii na loti hizi (kila loti ni toleo moja la kiwandani); njia inakilike, namba zisinakiliwe.

Wiki ya 1

Kabla ya hesabu yoyote fomu inataka sentensi moja: kinachopimwa ni nini hasa. Tumeandika: ukolezi wa kreatinini katika seramu, kwa µmol/L, kwa pikrati ya alkali, kalibreta (kimiminika chenye thamani inayojulikana, cha kusetia mashine) ikiwa na mnyororo wa ulinganifu unaofika kwenye njia rejea ya IDMS (spektrometria ya masi kwa isotopu). Sentensi hii ndiyo inayoamua baadaye kipi kinaingia kwenye hesabu na kipi kinabaki nje. Pikrati haichagui. Hushikana na kreatinini, na pia na protini, glukosi na asetoasetati. Mtengenezaji anafidia kwa kutoa kiasi kisichobadilika kwenye kila jibu, mara nyingi kati ya 18 na 26 µmol/L, awe mtu mzima mwenye protini za kutosha au mtoto mwenye utapiamlo. Kwa mtoto huyo makato yanazidi deni.

Njia ya hesabu: GUM, mwongozo wa kimataifa wa kueleza shaka ya kipimo, inaruhusu kuorodhesha kila chanzo kimoja kimoja (sindano ya mashine, joto la kuveti, taa, urefu wa wimbi) na kuvijumlisha. Kwa mashine iliyofungwa kiwandani hiyo ni kazi ya kubuni namba. Tunafuata ISO/TS 20914 ya mwaka 2019: mtawanyiko wa muda mrefu wa kontroli (sampuli ya kiwandani inayopimwa kila siku kuikagua mashine), shaka ya kalibreta, na upogo (majibu kuegemea upande mmoja) kama upo. Vyote vitatu vinawekwa kwenye mraba, vinajumlishwa, kisha jumla inatolewa kipeuo cha pili. Mwishoni jibu linazidishwa kwa 2 ili kupata upana wa takriban asilimia 95.

Wiki ya 2

Karatasi ya kalibreta inatoa thamani na jina la kipimo rejea. Shaka yake haimo. Hii ni kawaida, na maabara nyingi huishia hapo na kuandika sifuri. Tumemwandikia msambazaji, tukataja namba ya loti, maana shaka ya kalibreta ni ya loti na haigeuki kuwa ya loti nyingine. Jibu limekuja: thamani 350 µmol/L, shaka iliyopanuliwa 7 µmol/L, kigawo 2.

Mtego uko kwenye neno «iliyopanuliwa». Hiyo 7 inagawanywa kwa 2 kwanza, inabaki 3.5, yaani asilimia 1.0. Ukiiingiza 7 kama ilivyo unakuwa umeipanua mara mbili. Na barua isipotaja kigawo, iulize tena, usikisie.

Wiki ya 3

Jaribio la kwanza, kwa data ya siku 20 za mwisho, kontroli ya kiwango cha 1 (ya chini; ya kiwango cha 2 iko karibu na 400). Wastani 97.4 µmol/L, mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) 1.9, sawa na asilimia 1.95. Pamoja na kalibreta:

√(1.95² + 1.0²) = 2.2%

Kreatinini ya mtu mmoja mwenye afya hubadilika yenyewe kwa takriban asilimia 4.5 kati ya siku na siku. Lengo zuri ni shaka isiyozidi nusu ya hapo, yaani 2.25. Imekaa ndani kama nguo ya kupimiwa kwa fundi.

Ndiyo maana hatujaiamini. Siku 20 zimefanyika kwa loti moja ya kitendanishi (kemikali ya kupimia), kalibresheni mbili, na watu walewale wa zamu. Mgonjwa wa kliniki ya figo anarudi baada ya miezi mitatu, na ndani ya miezi hiyo loti imebadilika. Shaka anayoihitaji daktari wake ni ya miezi mitatu.

Wiki ya 4

Tumetoa data ya miezi sita kwenye mashine. Kusafisha kumechukua muda kuliko hesabu yenyewe, na makosa yaliyojitokeza yanastahili kuandikwa:

Kwanza, pointi zilizofutwa. Kontroli ikitoka nje ya mikengeuko 3, desturi ni kurudia, ikirudi ndani ile ya kwanza inafutwa. Baada ya miezi sita faili linaonesha mashine isiyokosea kamwe. Sheria tuliyoweka: pointi inaondolewa tu kama sababu imeandikwa siku ileile (chupa imebadilishwa kimakosa, povu kwenye kikombe, kitendanishi kimeisha katikati). «Ilirudiwa ikawa sawa» si sababu.

Pili, kontroli iliyopimwa mara sita asubuhi moja wakati wa kutafuta hitilafu. Pointi sita za dakika 40 zinavuta mtawanyiko kwenda chini. Zimebaki za ratiba tu, mbili kwa siku.

Tatu, loti ya kontroli yenyewe ikibadilika katikati, wastani unaruka kwa sababu chupa ni nyingine. Mruko huo hauhusiani na mgonjwa. Kila loti ya kontroli ikokotolewe peke yake, kisha mitawanyiko iunganishwe kwa uzito wa idadi. Kwetu loti ya kontroli ilikuwa ileile miezi yote sita, bahati ambayo haitajirudia.

Zimebaki pointi 312, loti nne za kitendanishi, 78 kila moja:

Loti A: wastani 95.6
Loti B: wastani 99.6
Loti C: wastani 103.0
Loti D: wastani 97.4

Ndani ya kila loti mkengeuko ni uleule, karibu 1.9. Zikiunganishwa zote 312 kama kundi moja, mkengeuko unapanda hadi 3.35, sawa na asilimia 3.4. Kwa maneno mengine, kinachoyumba siku kwa siku ni kidogo kuliko kinachoruka siku ya kufungua boksi jipya. Kadi ya Levey-Jennings, grafu ya kontroli ya siku kwa siku, ilikuwa inaonesha hivyo muda wote. Mtu alikuwa anarekebisha mstari wa katikati kila loti ilipobadilika, na kadi ikaonekana safi.

Wiki ya 5

Swali la wiki: je, mruko wa kontroli ni mruko wa mgonjwa? Kontroli ni seramu iliyokaushwa, yenye vihifadhi, wakati mwingine si ya binadamu. Kitendanishi kipya kinaweza kuichukia kontroli na kumpokea mgonjwa vizuri.

Vifurushi viwili vya loti C vilikuwa bado kwenye friji, muda haujaisha. Tumechukua sampuli 20 za wagonjwa zilizokwisha kutolewa majibu, kuanzia 45 hadi 620 µmol/L, zote za siku hiyo. Kalibresheni kwa loti C, pima 20 na kontroli. Kalibresheni kwa loti D, pima tena zilezile ndani ya saa mbili, vikombe vikiwa vimefunikwa ili zisikauke. Kontroli ilitofautiana kwa asilimia 5.7. Wagonjwa walitofautiana kwa wastani wa asilimia 0.7.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mruko wa loti C ni ugomvi kati ya kitendanishi na chupa ya kontroli. Loti C inakokotolewa kuzunguka wastani wake yenyewe. Loti A na B hatukuwa na akiba, hivyo mruko wao unabaki ndani ya hesabu wote, kisichothibitishwa hakiondolewi. Matokeo: mkengeuko uliounganishwa 2.37, asilimia 2.4.

Safari ya namba hii ni 1.95, halafu 3.4, halafu 2.4. Ya kwanza ilipendeza, ya pili ilitisha, na zote mbili zingepita kwenye ukaguzi kama zingeandikwa vizuri.

Utaratibu mpya kuanzia sasa: kabla loti ya zamani haijaisha, sampuli 20 za wagonjwa kwenye loti zote mbili. Gharama yake ni vipimo 40 na kalibresheni moja ya ziada.

Wiki ya 6

Kontroli ya kiwango cha 2 ina mtawanyiko ambao hauelezwi na loti. Chupa mpya ikifunguliwa, wastani unasogea. Ikiisha, unasogea tena. Tumeangalia jinsi inavyoyeyushwa. Maelekezo yanasema 5.00 mL ya maji yaliyosafishwa. Zamu ya usiku inatumia bomba la sindano la 5 mL.

Jaribio: chupa tatu kwa bomba la sindano, tatu kwa pipeti ya kioo ya daraja A, kila chupa ikapimwa mara 5 kwenye mzunguko mmoja.

Bomba la sindano: 391, 408, 402
Pipeti: 401, 403, 400

Pipeti ya 5 mL ya daraja A inaruhusiwa kukosea 0.015 mL. Kwa kuwa hatujui kosa liko wapi ndani ya mipaka hiyo, tunagawanya kwa √3, inakuwa 0.009 mL, chini ya asilimia 0.2. Bomba la sindano lina mistari ya 0.2 mL na mpira wenye unene wake, 0.1 mL tu ni asilimia 2.

Makosa mengine ya kuyeyusha: kutikisa hadi povu (zungusha taratibu, subiri dakika 30, pindua chupa mara kadhaa bila haraka), kufungua kizibo kwa nguvu unga ukaruka, kupuliza tone la mwisho kwenye pipeti ambayo imetengenezwa kutiririka yenyewe. Hili la mwisho linaongeza maji kidogo kila siku, mkono uleule, na halionekani kama mtawanyiko hadi mtu mwingine ashike zamu.

Mgonjwa hayeyushwi kwa maji, kwa hiyo shaka hii haikuwa yake tangu mwanzo. Ila ipo ndani ya namba, na haiwezi kutolewa kwa kalamu. Inatolewa kwa pipeti. Mabomba ya sindano yameondolewa kwenye meza ya kontroli. Namba ya kiwango cha 2 kwa sasa ni asilimia 1.9, itarudiwa.

Wiki ya 7

Upogo. Tuna duru sita za ulinganishi wa nje (sampuli zilezile zinatumwa kwa maabara nyingi) zenye thamani ya njia rejea. Tofauti zetu, kwa asilimia: +2.1, −0.8, +3.0, +1.7, −1.2, +2.4. Wastani +1.2. Mkengeuko 1.76, gawanya kwa √6, shaka ya wastani ni 0.72. Uwiano wa wastani na shaka yake ni 1.67, kwa duru sita ungehitaji kupita 2.57 ndipo useme upogo upo. Haupo kwa ushahidi tulio nao, hausahihishwi wala hauongezwi.

Maabara nyingine huchukua kipeuo cha wastani wa miraba ya tofauti hizo (kwetu kingekuwa asilimia 2.0) na kukiongeza juu ya mtawanyiko wa kontroli. Inakubalika, lakini tofauti ya duru moja moja tayari ina mtawanyiko wetu ndani yake. Unahesabiwa mara mbili. Tumechagua kutofanya hivyo na tumeandika sababu.

Angalizo kwa wanaotumia programu ambayo thamani yake ni wastani wa kundi la washiriki wenye mashine kama yao: huo unaonesha kama uko pamoja na wenzako. Kundi zima likipotea njia, nawe umo.

Jumla ya kreatinini kiwango cha 1: √(2.4² + 1.0²) = 2.6%. Iliyopanuliwa: 5.2%. Kwenye 100 µmol/L ni ±5. Tumevuka lengo zuri la 2.25, tuko chini ya kikomo cha 3.4 (robo tatu ya 4.5). Inaandikwa hivyo hivyo.

Wiki ya 8

Urea haikula muda. Kiwango cha 1: wastani 6.8 mmol/L, mkengeuko 0.20, asilimia 2.9. Urea ya mtu mmoja hubadilika kwa takriban asilimia 14 kwa sababu ya mlo na maji tu, hivyo kikomo kiko mbali. Hatari za urea ziko kwingine: chupa ya kijivu yenye floridi huzuia urease na jibu linashuka mno; chupa ya heparini yenye amonia hulipandisha; maji ya mashine yenye amonia nayo huinua kila kitu kwa pamoja. Hizo si shaka, ni makosa, na hesabu haizifuniki.

Jambo lililotushangaza wiki hii ni la desimali. Mfumo wa majibu unaruhusu kreatinini itoke kwa mg/dL yenye desimali moja. Hatua ya 0.1 mg/dL ni 8.84 µmol/L. Kukadiria peke yake kunaleta shaka ya 0.1 ÷ √12 = 0.029 mg/dL, sawa na 2.6 µmol/L. Kwenye jibu la 1.1 mg/dL ni asilimia 2.6: sawasawa na shaka yote tuliyohangaika nayo wiki saba. Desimali mbili kwa mg/dL, au namba nzima kwa µmol/L. Mfumo umebadilishwa mchana uleule.

Wiki ya 9

Namba inamsaidia vipi daktari? Tumechukua maamuzi mawili.

La kwanza, makadirio ya uchujaji wa figo, eGFR, kwa mlinganyo wa CKD-EPI wa 2021. Kreatinini ikiwa juu ya 0.9 mg/dL kwa mwanamume au 0.7 kwa mwanamke, kipeo ni −1.2, shaka ya kreatinini inazidishwa kwa 1.2. Mwanamume wa miaka 50 mwenye 125 µmol/L anapata eGFR 60. Shaka: 2.6 × 1.2 × 2, yaani takriban asilimia 6. Jibu lake liko kati ya 57 na 64. Mpaka wa hatua ya G3a ya ugonjwa sugu wa figo ni 60, upo katikati kabisa. Hapo ndipo kanuni ya kurudia baada ya miezi mitatu inapopata maana yake.

Chini ya mipaka hiyo kipeo ni −0.302 kwa mwanamume na −0.241 kwa mwanamke, na shaka ya kipimo karibu inamezwa. Usidanganyike: mlinganyo una shaka yake, kubwa kuliko yetu. Utafiti wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2022 ulionesha kuwa milinganyo ya kreatinini hukadiria uchujaji kuwa juu kuliko uliopimwa moja kwa moja. Maabara haiwezi kuirekebisha kwa pipeti.

La pili, jeraha la ghafla la figo. Kigezo kimojawapo cha KDIGO, shirika la miongozo ya figo, ni kreatinini kupanda kwa 26.5 µmol/L ndani ya saa 48. Mabadiliko madogo kabisa ya kuaminika kati ya majibu mawili ya mtu mmoja ni 2.77 × √(2.4² + 4.5²) = 14%. Kalibreta haimo, kwa kuwa majibu yote mawili yametoka kwenye kalibreta moja. Mgonjwa aliyeanza na 60 akapanda 26.5 amepanda asilimia 44, hakuna mjadala. Mgonjwa sugu aliyeanza na 300 akipanda 26.5 amepanda asilimia 9. Kwa kontroli iliyo karibu naye, ya kiwango cha 2 (1.9 badala ya 2.4), mpaka ni 13.5%, yaani karibu 40 µmol/L. Kigezo kimetimia kwenye karatasi na bado huenda hakuna kilichotokea. Hili ndilo tuliloliwekea mstari kwenye barua kwa wodi.

Wiki ya 10

Watoto. Kontroli ya chini kabisa tuliyonayo ni 97, na mtoto ana 30. Asilimia 2.4 haishuki naye. Karibu na chini, mtawanyiko hukaa kwenye µmol/L zilezile: 2.4 kwenye 30 ni asilimia 8, bado hujagusa yale makato ya mtengenezaji. Kwa muda, fomu inatamka shaka kwa µmol/L chini ya 97 na kwa asilimia juu yake. Suluhisho ni dimbwi la seramu zilizobaki zenye kreatinini ndogo, lisilo na damu iliyovunjika wala manjano, ligawanywe 0.5 mL kwa kikopo na kugandishwa. Kikopo kimoja kila siku, kisigandishwe tena.

Vilivyo nje ya namba, viandikwe kwenye mwongozo wa watumiaji: bilirubini kubwa (inashusha Jaffe), ketoni za kisukari na sefalosporini kama sefoksitini (zinapandisha), damu iliyokaa na chembe zake kwenye joto kabla ya sentrifuji, na sahani ya nyama choma saa chache kabla ya kutolewa damu. Watakaohamia njia ya vimeng'enya wataachana na ketoni na kukutana na metamizoli, dawa ya maumivu inayoshusha jibu kwenye hatua ya peroksidase.

Wiki ya 11

Fomu imesainiwa. Kreatinini: 5.2% kuanzia 97 hadi chini ya 400, 4.3% kuanzia 400, ±5 µmol/L chini ya 97. Urea inasubiri barua ya kalibreta, nafasi yake imeachwa wazi. Kwenye cheti cha mgonjwa haichapwi ±. Daktari akiuliza anapewa, pamoja na ile 14%.

Yaliyo wazi: dimbwi la watoto (vikopo 60 vimejazwa, 40 bado). Mashine ya akiba, ambayo mgonjwa hupimiwa umeme ukisumbua, haijaingizwa kabisa. Sampuli 20 kwenye mashine zote mbili, wiki ijayo. Loti E ya kitendanishi imefika Jumanne, boksi la mwisho la D limeandikwa kwa kalamu nyekundu: LISIFUNGULIWE.